Ukitaka kucheza Tex Murphy, usianzie mwanzo

Kila ninapomtaja Tex Murphy, mpelelezi wa mfululizo wa gemu za kompyuta, mbele ya wapenzi wa gemu za upelelezi, swali ni lile lile: nianze na ipi? Huwa najibu bila kusita: anza na ya tatu, Under a Killing Moon ya mwaka 1994.

Mean Streets ya 1989 na Martian Memorandum ya 1991 zina heshima yake, lakini ni za mtu ambaye tayari anampenda Tex. Ile ya kwanza inakurusha na gari la angani kutoka kituo hadi kituo mpaka usingizi unakunyemelea. Ziache kwanza, utazirudia ukishanogewa.

Under a Killing Moon inakuweka San Francisco, mwaka 2042. Vita ya tatu ya dunia imepita, tabaka la ozoni limeharibika, anga ni jekundu, na watu wengi wanalala mchana na kufanya shughuli zao usiku. Mji umegawanyika. Wale ambao mionzi haikuwadhuru, wanaoitwa Norms, wamehamia mji mpya. Mutants, wale waliodhuriwa na mionzi, wameachiwa mji wa zamani. Tex ni Norm, ila anaishi upande wa Mutants, katika hoteli iliyochoka iitwayo Ritz, mtaa wa Chandler Avenue. Mke wameachana, kesi haziji, mfukoni hamna kitu. Anavaa kofia na koti refu kama wapelelezi wa sinema za zamani, halafu miguuni raba. Anayemwigiza ni Chris Jones, mmoja wa wabunifu wa gemu zenyewe pale Access Software, Salt Lake City, na nadhani ndiyo maana anaonekana mtu wa kawaida hivyo. Walirekodi waigizaji halisi, akiwemo James Earl Jones kwa sauti, na gemu nzima ikajaa CD nne.

Sasa ushauri wenyewe. Usimcheze Tex kibabe. Ana mdomo mkali, lakini ngumi zake hazimfikishi mbali. Kinachomvusha ni kupekua na kusikiliza watu.

Mpwa wangu, kijana wa gemu za bunduki, nilimkalisha mbele ya kompyuta akaingia ofisini kwa Tex, akazunguka haraka haraka, akasema, “Mjomba, humu hamna kitu.” Nikamwambia inama. Kwenye gemu hii ukibonyeza spesi unabadilisha hali: mara unatembea, mara unagusa na kukagua vitu. Ukiwa unatembea unaweza kuinama ukachungulia chini ya meza, au kujinyoosha uone kilichoko juu ya kabati. Mwaka 1994 hilo lilikuwa jambo kubwa, maana gemu nyingi za aina hii zilikuonyesha picha iliyoganda ukabaki kubofya bofya. Kijana akainama. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye kiti, akawa anafungua kila droo na kukagua hadi takataka. Hivyo ndivyo inavyochezwa. Chumba ambacho hujakichungulia kutoka chini na kutoka juu, jihesabu hujakiingia.

Kabla hujatoka mtaani, ongea na majirani wote. Rook ana duka la kuweka vitu rehani na roho yake imejaa manung'uniko. Kesi ya mwanzo kabisa ni wizi uliotokea dukani kwake. Louie anaendesha mgahawa wa Brew & Stew na habari za mtaa anazo. Chelsee anauza magazeti, na Tex anampenda, ingawa kila akifungua kinywa anaharibu. Waulize kila jina jipya utakalolipata, hata kama unaona haliwahusu. Weka daftari pembeni uandike namba na majina, usitegemee kichwa.

Ukimaliza hiyo, nenda The Pandora Directive ya 1996. Kwangu mimi hiyo ndiyo bora kuliko zote, na hapo ndipo mdomo unapokuwa na gharama. Katika mazungumzo hupewi sentensi kamili ya kusema, unapewa dokezo fupi la namna ya kujibu: kwa upole, kwa kejeli, kwa kubembeleza. Ukichagua, Tex anasema lake, na mara nyingi anasema kali kuliko ulivyokusudia. Majibu hayo yanahesabiwa kimya kimya. Hadithi ina njia tatu, wema, ukatili na ile ya katikati, na miisho saba. Namna unavyomtendea Chelsee inachangia utakapoishia. Kwa hiyo hifadhi mchezo kabla ya kila mazungumzo mazito, na usifute uliyohifadhi zamani. Mara ya kwanza cheza kiungwana. Ukatili uutunze kwa mara ya pili, ni mtamu zaidi ukishajua unachokipoteza.

Mwanzoni utaulizwa ngazi: Entertainment au Game Player. Chukua Entertainment bila aibu, inakupa vidokezo ukikwama. Baadhi ya mafumbo ni magumu kwa makusudi tu, na mtu mwenye kazi kesho asubuhi hana sababu ya kukesha akihangaika nayo.

Zote zinauzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, na za zamani zinakuja na DOSBox ndani, programu inayoziwezesha kufanya kazi kwenye kompyuta za sasa, kwa hiyo laptop ya kawaida inazimudu. Subiri bei ishuke, hushuka mara kwa mara. Kiingereza chake kimejaa utani wa Kimarekani, mwingine utakupita na hutapungukiwa na kitu.

Jambo la mwisho ni kuhusu Overseer ya 1998. Humo Tex anamsimulia Chelsee kesi ile ya Mean Streets wakiwa kwenye chakula cha jioni, kisha gemu inakatika pabaya kabisa. Mwaka 1999 Microsoft ikainunua Access Software, Tex akawekwa kando, na mashabiki wakabaki wananing'inia miaka 16 tangu Overseer: walichanga fedha wenyewe mwaka 2012 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi, na mwendelezo wake, Tesla Effect, ukatoka 2014. Wewe huna haja ya kuteseka hivyo. Usianze Overseer kabla hujaipakua Tesla Effect.