Nilikosa hazina ya Kirkstall kwa mita 9, safari hii nimeipata

Jamani tumeipata!! Jumamosi iliyopita mimi na binti yangu tumekishika kile kikopo cha Kirkstall kwa mikono yetu. Wanaojua yaliyonikuta mwaka jana wanaelewa kwa nini nashangilia hivi, na kuna dada mmoja kaona picha akanifuata inbox kuuliza "mnafanyaje, maana mimi na wanangu tulizunguka mpaka watoto wakalia". Dada yangu, nakujibu hapa hapa ili na wengine wasome.

Mchezo wenyewe mnaujua, kusaka hazina kwa jipiesi, mtu kaficha kopo anakupa maswali, unatembea unaokota namba kwenye vibao na kuta, unapiga hesabu unapata koodineti. Zunguko letu la hapa Leeds, Uingereza, linapita kwenye magofu ya abasia ya Kirkstall, yaani makao ya zamani ya wamonaki, kando ya mto Aire.

Sasa mwaka jana. Swali la kwanza lilitaka utoe mwaka abasia ilipoanza hapa kwenye mwaka ilipofungwa. Mimi na haraka zangu nikasoma kwenye simu nikaona 1147, kufungwa ni 1539 mfalme Henry wa Nane alipozifuta abasia zote, nikapata 392. Kumbe 1147 ni mwaka wamonaki walipotoka abasia ya Fountains wakaenda kwanza mahali paitwapo Barnoldswick, huko hali ya hewa ikawashinda na wenyeji hawakuwataka, ndo abati wao, yaani mkuu wao, Alexander akawaleta Kirkstall mwaka 1152. Swali lilisema HAPA. Jibu ni 387. Utasema tofauti ya 5 ni nini, lakini kwenye latitudo, moja ya tarakimu ya mwisho ni karibu mita 2, kwa hiyo tulikuwa mita 9 pembeni, saa nzima tunapekua mizizi ya mti usio wenyewe na mvua inatunyeshea. Kaka mmoja tuliyekuwa naye akapandisha familia yake kwenye gari wakaondoka, jioni akaandika kwenye grupu kwamba anayetaka kupotea aongozane na mimi. Watu wakaweka vicheko. Sikujibu kitu, ila iliniuma na hadi leo inaniuma, maana kosa lilikuwa la namba moja tu na yeye mwenyewe hakusoma hata kibao kimoja.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, soma swali. Lisome tena. Halafu weka simu mfukoni uangalie jengo.

Mimi nimekulia Ndanda, Tanzania, kengele ya abasia ndo ilikuwa saa yetu, na hawa Wasistersiani, shirika la wamonaki wa Kirkstall, walifuata kanuni ile ile ya Mtakatifu Benedikto wanayoifuata wamonaki wa kwetu. Safari hii nikasimama kwenye ule uwanja wa katikati nikajipangia taratibu, kanisa kaskazini, bwalo la chakula kusini karibu na mto, chumba cha mkutano mashariki. Swali likasema hesabu matao ya kuingilia pale waliposomewa sura ya kanuni. Wengi wanakimbilia kanisani kwa sababu ndo kubwa. Mimi nikaenda moja kwa moja chumba cha mkutano, maana ndiko wamonaki walikosomewa sura hiyo, matao mawili, basi.

Na kanisani msipite tu! Halina paa, mnara ulianguka sehemu kubwa mwaka 1779, na mpaka 1827 barabara ya kwenda Leeds ilipita katikati ya kanisa, mikokoteni na ng'ombe humo humo. Binti yangu alisimama pale katikati akawa anatazama chini kimya, nadhani anatafuta alama za magurudumu.

Halafu tafadhali msichimbe, kopo halifukiwi. Na mashine ya kutafutia chuma kwenye magofu yaliyolindwa kama haya bila kibali ni kosa kisheria. Msipande kuta. Watu wetu tunapenda sana kufika, kupiga picha na kuondoka, mtoto ukimuuliza hapa walikaa akina nani hajui, halafu tunalalamika watoto wa huku hawapendi historia. Watapendaje kama sisi wenyewe tunawaburuta? Kaeni chini, muwasimulie, muwaache washike jiwe.

Kopo lenyewe tulilikuta nje kabisa ya magofu, kopo la lanchi la plastiki nyuma ya shina, limefunikwa na vijiti. Ndani kidaftari kwenye mfuko wa nailoni, penseli fupi, gololi ya bluu. Binti akachukua gololi, akaacha ushanga aliotumiwa na bibi yake, maana ukitoa kitu unaweka kitu. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa na tarehe, akanipa penseli akasema, "Mama, na wewe andika 387."