Mtoto wa miezi 7 kutofuata mdundo

Dada, umeuliza kama mwanao ana tatizo kwa kuwa muziki ukipigwa anarukaruka ovyo, hafuati mdundo. Hana tatizo. Kuanzia miezi 5 hivi watoto huitikia muziki kwa mwili, lakini kwenda sawa na mdundo hutaka misuli na umakini ambao wengi hawana kabla ya miaka 4.

Kinachomfundisha zaidi ni mwili wako. Mwaka 2005 watafiti Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Canada waliwarusharusha watoto wa miezi 7 kwenye mdundo usio na mkazo, wengine kila pigo la pili, wengine kila la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikia mdundo wenye mkazo kwenye mapigo yaleyale waliyorushwa. Waliotazama tu mtu mwingine akiruka hawakupata kitu!

Basi mpakate akuangalie usoni, mshike kwapani, imba taratibu kwa sauti nyembamba kidogo, umwinue magotini kila pigo zito. Rudia wimbo uleule siku nyingi. Ukifika neno la mwisho, nyamaza kidogo umsubiri. Akirusha miguu au akitoa sauti, malizia. Akigeuza uso au akijipinda mgongo, amechoka, acha.

Video za simu ziache. Shirika la Afya Duniani halishauri skrini chini ya mwaka 1. Redio ikikulazimu kupaza sauti ili usikike, ipunguze.

Ila kama hashtuki wala hageukii sauti kabisa, mpeleke apimwe masikio wiki hii.