Gauni la mwana wa mfalme

Mwanangu Zuhura,

Picha uliyonitumia kutoka makumbusho ya Vienna nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Unauliza kwa nini mtoto wa kiume wa mfalme kavikwa gauni, na mbona vitukuu vya Malkia Elizabeth vilionekana na kaptula hata kwenye baridi. Mumeo anasema ni ushamba wa zamani. Mwambie mkwewe, fundi cherehani, amekataa.

Huyo ni Felipe Próspero, mwana wa mfalme Felipe IV wa Hispania. Mchoraji wa ikulu, Velázquez, alimchora mwaka 1659, mtoto ana miaka miwili hivi. Enzi hizo Ulaya, kwa tajiri na kwa maskini, mvulana alivaa gauni mpaka afike miaka minne, wengine hata saba. Sababu ya kwanza ni nepi. Suruali zao zilikuwa na vifungo na kamba tele. Mtoto asiyejua kuomba choo ungemfungua saa ngapi? Gauni unapandisha tu. Halafu kuna kitambaa. Hariri ni ghali, na gauni ukiliwekea upindo mpana unaufumua kadiri mtoto anavyorefuka. Suruali haikupi nafasi hiyo. Ndiyo maana siku ya kuvishwa suruali ya kwanza ilikuwa sherehe ya nyumba nzima.

Sasa itazame tena hiyo aproni nyeupe. Vile vinavyoning'inia juu yake ni kengele na hirizi za kumkinga na jicho baya. Marehemu bibi yako angevitambua bila kuambiwa. Baba mtu alikuwa amemwoa mpwa wake mwenyewe, binti wa dada yake, na watoto wengi wa nyumba ile hawakukua. Huyu naye alifariki mwaka 1661, hajatimiza miaka minne.

Kuhusu viatu, utacheka. Karne ile Ulaya cha kulia na cha kushoto vilikuwa kitu kimoja. Visigino virefu vilipoingia, kuchonga kalibu mbili zinazotazamana, yaani vile vigogo vya umbo la mguu vya kushonea kiatu, kukawa kazi kubwa, mafundi wakaona watumie moja iliyonyooka. Hata mguu wa kifalme ulijizoesha wenyewe. Kulia na kushoto vilirudi karne ya 19.

Karne hiyohiyo, mwaka 1846, Malkia Victoria alikuwa safarini kwenye meli yake ya kifalme. Mwanawe Albert Edward, ambaye hajafika miaka mitano, akashonewa na fundi wa chomboni nguo ndogo ya baharia: kola pana iliyolala mgongoni, suruali nyeupe iliyopanuka chini. Mchoraji Winterhalter akamchora mikono mfukoni, na fasheni ikasambaa mpaka kwa Alexei, mwana wa mfalme wa mwisho wa Urusi, na wana wa Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani, mjukuu wa Victoria. Huyo Wilhelm mwenyewe, alipokuwa na miaka minne, alipelekwa harusini Windsor mwaka 1863 kavishwa nguo za Kiskoti, akawang'ata wajomba zake miguuni. Nguo nzuri haimtulizi mtoto.

Kaptula ilikuwa daraja la katikati: mtoto katoka kwenye gauni, suruali ndefu bado. Watu wa tabaka la juu Uingereza wameing'ang'ania mpaka leo, ndiyo maana George, mwana wa William na mmoja wa vitukuu hivyo, alipigwa picha nayo miaka yake ya mwanzo. Kwangu mimi hayo ni majivuno tu, baridi haijui ukoo. Ila tusiwacheke sana. Kaptula walizovaa kaka zako shule ya msingi zililetwa na haohao.

Gauni ninalolionea wivu ni la ubatizo la ukoo huo wa kifalme wa Uingereza. Lilishonwa kwa lesi ya Honiton, mji wa Uingereza, akabatizwa nalo binti wa kwanza wa Victoria mwaka 1841, likatumika mpaka 2004 lilipochakaa. Angela Kelly, mshonaji wa Malkia Elizabeth, akatengeneza jingine la kufanana nalo, na ili lesi mpya ipate rangi ya uzee akaichovya kwenye chai, kipande kwa kipande. Mama yako anauliza kama walitia tangawizi.

Msalimie mumeo.

Baba yako