Kabla hamjanunua mabati ya shule yenu ya zamani

Ikifika Desemba, magrupu ya WhatsApp ya waliosoma pamoja huchangamka. Mmoja anaandika, "Jamani, tufanye kitu kwa ajili ya shule yetu," na kabla wiki haijaisha ameshapatikana mweka hazina, ramani ya darasa imetumwa, na kuna aliyekwishaulizia bei ya mabati. Mimi niko upande wa wanaopokea: ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wilayani Kilosa. Ndugu zangu, hayo mabati yasubiri kidogo. Anzeni kwa kuuliza shule inaishije mwezi hadi mwezi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada, kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Badala yake Serikali hutoa ruzuku, ile tunayoiita kapitesheni. Kwa shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Hapo 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huletwa kwenye akaunti ya shule. Shule ya watoto 600 basi inapata milioni 3.6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Humo watoe chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichong'oka, dawati lililovunjika na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Na kiwango hicho kina umri. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002 ulihesabu dola 10 kwa kila mtoto, wakati dola moja haijafika shilingi 1,000. Leo dola imepita 2,000 zamani, na elfu kumi ni ile ile.

Madarasa, kwa upande wake, huwa yanapata mwenyewe. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja. Mbunge hujenga, mgodi hujenga, kanisa na msikiti hujenga. Rimu ya karatasi haina mgeni rasmi wa kuikatia utepe, ndiyo maana watoto wengi bado wananakili maswali ya mtihani ubaoni, na aliyekaa nyuma kabisa anamaliza kunakili muda wa kujibu ukiwa umekwisha. Mkiniuliza mimi, grupu linalotoa laki moja na nusu kila mwezi kwa miaka mitatu, kwa ajili ya kudurufu mitihani tu, limeisaidia shule kuliko darasa ambalo halina mwalimu wa kuingia.

Tena hilo la mwalimu. Vijana waliohitimu ualimu na wanaosubiri ajira wapo kila kijiji. Posho ya mmoja wa kujitolea, wa hisabati, mnaimudu. Ila mkubaliane mapema nani atamlipa mkichoka.

Kuhusu fedha yenyewe: ombeni taarifa ya mapato na matumizi. Inapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, hivyo mwalimu mkuu akisita, pitieni kwa mwenyekiti wa kamati au mtendaji wa kijiji, kwa upole. Mchango uingie kwenye akaunti ya shule, kamwe usiende kwenye simu ya mwalimu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, maana walimu wakuu huhamishwa, na ahadi ya mdomo huondoka na mizigo yao.

Wazazi nao wana lao. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku shule kuwatoza wazazi michango, na ilikuwa haki, kwa sababu watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani. Lakini kuna wazazi walioelewa kwamba hawatakiwi kutoa chochote tena, na kwetu uji wa wanafunzi ukazimika. Uliporudi, ulirudi kwa mahindi. Msidai shilingi Februari, mfuko wa mkulima umekauka. Ombeni debe wakati wa mavuno, wazazi wenyewe wapime na kuweka ghalani, na asiyeweza, mtoto wake anywe na wenzake bila kusemwa.

Kama baada ya yote hayo bado mnatamani kuona jina la grupu lenu ukutani, jengeni vyoo vya wasichana. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20. Nendeni mkahesabu matundu pale mliposoma.