Pampu ya maji ikifa angani, nani anaitengeneza?

SWALI: Mimi ni fundi wa mabomba na pampu hapa Tanga. Nimesoma kwamba wanaanga walioko kwenye kituo cha anga hunywa maji yanayotokana na mkojo wao wenyewe. Hilo halikunishangaza sana, maji yakishasafishwa ni maji. Ninachotaka kujua ni ufundi wake. Mtambo kama huo ukiharibika, nani anautengeneza? Kuna fundi maalumu kule juu, au wanasayansi wenyewe ndio wanaoshika spana? Na mtu anayeelea anakazaje nati bila yeye mwenyewe kuzunguka?

JIBU: Ndugu fundi, wanashika spana wenyewe, wote. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa kawaida wanaishi watu 7. Wamo marubani, madaktari, wahandisi na wanasayansi, na kila mmoja wao amefundishwa kufungua mashine, kubadilisha pampu, kuunganisha nyaya na kuziba tundu. Anayechunguza chembe hai kwenye hadubini asubuhi anaweza kuwa ndiye anayefungua choo mchana. Kituo hicho hakijakosa watu ndani yake tangu tarehe 2 Novemba 2000, na kipande chake cha kwanza kilirushwa mwaka 1998. Wewe unajua mtambo wa umri huo unavyodai mikono.

Siku ya kazi huanza saa 12 asubuhi kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu huku ni saa 3. Jua haliwasaidii kuhesabu siku, maana kituo kinaizunguka Dunia kila baada ya dakika 90 hivi na wao huliona likichomoza mara 16 kwa siku. Kinachowaongoza ni ratiba inayopangwa ardhini. Wanaiona kwenye kompyuta, kazi moja baada ya nyingine, kila moja na dakika zake, na mstari mwekundu unaisogelea kufuata saa. Kazi ambayo mstari umeshaipita imechelewa, na waliopo Houston, kwenye kituo cha uongozi cha Marekani, wanaona. Asubuhi kuna mazungumzo ya redio na vituo vya uongozi vya Marekani, Urusi, Ulaya na Japani, na jioni tena. Katikati yake kuna majaribio ya kisayansi, matengenezo, kupanga mizigo, na saa 2 na nusu zilizotengwa kwa mazoezi ya mwili. Hayo mazoezi yaweke akilini, yanahusiana na pampu yako kuliko unavyodhani.

Kazi nyingine hutugusa hata sisi. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitolewa kutoka kituoni humo tarehe 11 Mei 2018 kupitia maabara ya Japani iitwayo Kibo. Setilaiti za namna hiyo hufika kama mzigo, kisha mwanaanga hulazimika kukifunga kifaa cha kuzirushia kwenye meza ya chumba cha kutokea nje, kwa mkono, bolti kwa bolti, kabla mkono wa roboti haujakichukua.

Sasa nati. Ukiikaza huku unaelea, nguvu unayoitia kwenye spana inakurudia, na wewe ndiye utakayezunguka. Dawa yake ni kujifunga mahali. Kuta zote zina vyuma vya kushikilia, na mwanaanga huchomeka miguu chini ya chuma kimojawapo ili mikono yote miwili ibaki na kazi. Wakikaa miezi kadhaa nyayo zao hulainika, na sugu huota juu ya miguu, pale panaposuguana na chuma. Kwa mtu wa kazi zetu hiyo ni habari nzito: sugu humwambia fundi mwili wake unabeba wapi.

Bolti nyingi zimetengenezwa zisitoke kabisa kwenye mfuniko hata zikilegezwa, kwa sababu bolti iliyoachwa haianguki chini, inakwenda zake. Vilivyobaki hubandikwa kwa velkro au tepu, au hutiwa kwenye mfuko. Nje ya kituo kila kifaa hufungwa kwa kamba. Mwezi Novemba 2008 mwanaanga Heidemarie Stefanyshyn-Piper alikuwa anafuta grisi iliyovujia ndani ya begi lake la vifaa, begi likamponyoka na kwenda moja kwa moja. Lilizunguka Dunia kwa miezi kadhaa kabla ya kuungua lilipoingia kwenye hewa nzito mwaka 2009.

Vumbi nalo halitulii mahali. Linafuata upepo wa feni mpaka kwenye nyavu za kuingizia hewa na kunasa hapo, kwa hiyo kila Jumamosi wanatoa mashine ya kufyonza na kusafisha nyavu hizo. Feni haziwezi kuzimwa. Kule hewa ya moto haipandi yenyewe, na mtu akilala pasipo upepo, ile hewa chafu anayoitoa inabaki imemzunguka kichwani. Ukipoteza bisibisi, unaanza kuitafuta kwenye wavu.

Tuje kwenye maji, ambako ndiko kazi yangu iliko, maana miaka yote nimehangaika na mitambo ya kusafisha maji huku ardhini.

Mtambo wa kule ulipelekwa Novemba 2008. Una sehemu mbili kubwa. Ya kwanza inashughulika na mkojo, na inafanya kazi kwa kuuchemsha na kukusanya mvuke. Ardhini ungeweka mkojo kwenye chungu, moto chini, mvuke ukapanda juu. Kule hakuna chini wala juu: viputo havipandi, na maji hayatulii kwenye kitako cha chombo. Kwa hiyo wametumia pipa linalozunguka. Mzunguko unausukuma mkojo ukutani na kuutandaza kama utando mwembamba, na ndani ya pipa hewa imefyonzwa ili mkojo uchemke kwa joto dogo. Mvuke unavutwa, unakandamizwa, kisha unageuka maji upande wa pili wa ukuta huo huo, na joto lake linarudi kuchemsha mkojo unaofuata. Ni ubunifu ninaoupenda sana, kwa sababu haupotezi joto.

Sehemu ya pili inapokea maji hayo pamoja na unyevu wa hewani, yaani jasho na pumzi za watu wote. Yanapita kwenye machujio, kisha kwenye chombo cha moto chenye kichocheo kinachounguza kemikali zilizobaki, kisha yanatiwa iodini kuzuia vijidudu. Iodini huondolewa tena kabla ya kunywa. Maji yanayotoka ni safi kuliko yale ambayo wengi wetu tunayapata kwenye bomba.

Mtambo huo ulisanifiwa kurudisha asilimia 85 ya maji yaliyomo kwenye mkojo. Haukufika mbali. Mwaka 2009 lile pipa lilikwama, na lilipochunguzwa likakutwa limejaa ukoko mgumu wa kalsiamu salfeti. Ni jamaa wa ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika linalochemshia maji ya kisima, na wewe fundi wa Tanga umeshaukwangua mara nyingi. Lakini kule hakuna kisima. Kalsiamu ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye mifupa yao. Mwili usiobeba uzito huanza kubomoa mifupa isiyotumika, na mifupa inayobeba mwili, kama ya nyonga, huweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa madini yake kila mwezi. Kalsiamu hiyo huingia kwenye damu, figo huitoa, na mkojo wa mwanaanga unakuwa na kalsiamu nyingi kuliko ule waliojaribia mtambo huku ardhini. Upande wa pili, mkojo ule ulikuwa unatiwa asidi ya sulfuriki pale pale chooni ili usioze wala kutoa amonia. Kalsiamu ya mifupa ikakutana na salfeti ya asidi, maji yakapungua kadiri mkojo ulivyochemka, na mawe yakaanza kujijenga.

Kwanza walipunguza mwendo: wakaridhika na asilimia 70 hivi, ili mkojo usikolee mpaka kiwango cha kuganda. Baadaye wakabadilisha asidi, wakatumia ya fosforiki, na ufanisi ukarudi pale ulipotakiwa. Mwaka 2021 kikaongezwa kifaa kingine kwa ajili ya ule urojo wa chumvi unaobaki mwishoni. Urojo unatiwa kwenye mfuko wa utando maalumu, hewa kavu ya vuguvugu inapulizwa juu yake, unyevu unapenya kwenda hewani na kudakwa na mashine ya kukausha hewa. Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ikatangaza kwamba asilimia 98 ya maji yote sasa yanarudi. Kila mtu anahitaji karibu lita 4 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi, na kila lita isiyorudi lazima ipande kwa roketi.

Ndiyo maana nilikuambia uyaweke mazoezi akilini. Mwanaanga anayekimbia kwenye mashine akiwa amefungwa mikanda, au anayenyanyua vyuma vinavyomsukuma kwa nguvu ya mitungi ya ombwe, yaani iliyofyonzwa hewa, anailinda mifupa yake, na kwa kufanya hivyo anaulinda pia mtambo wa maji. Mimi nikibuni mtambo huku ardhini nauliza maji yanatoka chanzo gani. Kule chanzo ni watu 7, na afya yao inasomeka kwenye machujio.

Umeuliza pampu ikifa. Ilikufa kweli, mwishoni mwa Mei 2024. Pampu ya mtambo wa mkojo ilisimama, na wakalazimika kuuhifadhi mkojo kwenye mifuko na matangi ya akiba yenye nafasi ndogo. Starliner, chombo cha Marekani cha kubeba watu kwenda kituoni, kilikuwa karibu kuruka na wanaanga Butch Wilmore na Sunita Williams. Masanduku yao ya nguo na vitu binafsi yakashushwa, pampu mpya ikapakiwa badala yake, wakaruka tarehe 5 Juni. Ilipofika ilifungwa na mtambo ukaendelea.

Angalia jinsi walivyoitengeneza: hawakuifungua. Walitoa kasha zima na kuweka kasha jingine. Karibu matengenezo yote ya kule ni hivyo. Mashine zimegawanywa kwenye makasha yanayochomolewa, kila moja na mabomba yake ya kubana haraka na plagi zake, na mwanaanga anafuata maelekezo hatua kwa hatua kwenye tableti huku mhandisi wa ardhini akimtazama kwa kamera. Ni njia salama. Mtu ambaye hajawahi kuigusa pampu hiyo anaweza kuibadilisha bila kuharibu jirani yake, na muda wake mwingi unabaki kwa sayansi iliyompeleka.

Lakini maelekezo huishia njiani, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Agosti 2012 huyo huyo Sunita Williams na Akihiko Hoshide wa Japani walitoka nje kubadilisha sanduku kubwa la kugawa umeme. Bolti moja ikakataa kukaza. Walihangaika zaidi ya saa 8, wakalifunga sanduku kwa mkanda na kurudi ndani, na robo ya njia za umeme wa kituo zikawa hazipatikani. Wahandisi wa Houston walikaa na orodha ya vitu vilivyopo kituoni, wakatengeneza vifaa vya majaribio kutokana na vitu hivyo tu, wakapeleka maelezo. Tarehe 5 Septemba wawili hao walitoka tena wakiwa na brashi waliyoitengeneza kwa nyaya za umeme zilizochambuliwa, na mswaki uliofungwa kwenye mpini. Walipuliza chenga za chuma kwa gesi ya naitrojeni, wakasugua tundu, wakalipaka grisi kwa mswaki, na bolti ikaingia.

Uvujaji wa hewa ni habari nyingine. Agosti 2018 tundu la milimita 2 lilionekana kwenye Soyuz, chombo cha Urusi cha kusafirishia watu, kilichokuwa kimeunganishwa na kituo. Alexander Gerst wa Ujerumani alilizuia kwanza kwa kidole, halafu Warusi wakaliziba kwa gundi ya epoksi na kitambaa cha bandeji. Oktoba 2020 walikuwa wanatafuta ufa mdogo ambao vipimo vilishindwa kuuonyesha. Anatoli Ivanishin akaachia majani ya chai yaelee ndani ya chumba kilichoshukiwa, mlango ukafungwa, kamera zikaachwa zikirekodi. Majani yalisogea polepole kuelekea mahali hewa inapotokea, na ufa ukapatikana. Wewe hutafuta uvujaji wa gesi kwa povu la sabuni. Akili ni ile ile.

Nina wasiwasi mmoja kuhusu mtindo wa kubadilisha makasha, na nakuandikia wewe kwa kuwa utauelewa. Unafaa kwa kituo kilichoko kilomita 400 tu kutoka ardhini, ambako mzigo unaweza kufika baada ya wiki chache. Kwenye safari ya Mars hakuna Starliner ya kushusha masanduku ya nguo ili kupakia pampu. Kubeba kasha zima la akiba kwa kila mashine kunakula uzito. Kwa hiyo nadhani kizazi kijacho cha mitambo hii kitengenezwe kifunguke mpaka ndani, hadi kwenye beringi, sili na valvu, kama pampu unazozifungua wewe mezani kwako, na wanaanga wafundishwe kuzitengeneza hivyo. Tayari mwaka 2014 walichapisha spana kituoni kwa mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, baada ya kutumiwa mchoro wake kutoka ardhini. Sili na gia ndogo ndizo ningependa kuziona zikifuata.