Semina ya ngoma Hamburg, na kibuki wa bibi yangu

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 41, kwetu Tanga, naishi Hamburg na nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mwaka jana nilipewa talaka baada ya ndoa ya miaka 15. Mama sijamwambia mpaka leo. Mwenzangu wa kazini, Mjerumani, ananishawishi twende semina ya ushamani, Ijumaa hadi Jumapili, euro 280. Unalala chini, unafungwa kitambaa machoni, ngoma inapigwa, nawe unasafiri kwa fikra kwenda ulimwengu wa chini ukutane na mnyama wako mlinzi. Wanasema unarudi mtu mpya. Mimi Mwislamu, naogopa shirki. Lakini marehemu bibi yangu alikuwa na pepo, na ngoma zake nilizisikia utotoni. Je, ni kitu kimoja? Niende? – M., Hamburg*

Marahaba, mwanangu.

Si kitu kimoja, ingawa ni majirani. Neno shamani limetoka kwa Waevenki wa Siberia, lakini hiyo semina yako sidhani kama ni ya Siberia. Inanukia mafunzo ya Michael Harner, Mmarekani aliyekaa na Washuar wa Ekuado na Wakonibo wa Peru miaka ya 1950 na 1960. Alikusanya mila za watu mbalimbali, akabakisha alichokiona kuwa cha wote: ngoma ya mapigo ya haraka yasiyobadilika, safari ya fikra, mnyama mlinzi. Akaanza kuwafundisha Wamarekani wenzake, ikaenea Ulaya. Koo, miiko na madeni baina ya watu na mizimu yao, hayo hakuyabeba. Yangeingiaje kwenye siku mbili na nusu?

Sasa nikwambie ya kwetu. Bibi yangu, Ng'ambo ya Unguja, alikuwa kiti cha kibuki, yaani mtu anayepandwa na pepo huyo. Vibuki ni pepo wa Bukini, ndiyo Madagaska, na si Waislamu: wanataka brandi na asali. Basi mwanamke wa sala tano na chupa ya brandi uvunguni! Sisi wajukuu tulijua na tulinyamaza.

Kilimpanda alipofiwa na mtoto wake wa tatu. Hali chakula, hasemi, mkono wa kulia umekufa ganzi. Mama yangu alikuwa na miaka tisa, yeye ndiye aliyenihadithia. Fundi wa pepo aliitwa, makayamba na makofi usiku kucha, kibuki akapanda, akaulizwa jina, akalitaja. Kisha akaanza kudai. Shuka nyekundu. Pete ya fedha. Na la tatu: kiti chake asiwapikie tena ndugu za mume, watu 11, waliokuwa wakija kula pale kila siku. Babu kakaa mlangoni, mtaa mzima umejaa uani. Angekataa vipi? Bibi mwenyewe asingethubutu kutamka neno lile hata kwa mto wake wa kulalia.

Mkono ulirudi. Shemeji wakatafuta pa kula.

Kibuki yule hakutolewa, alikaa. Walipatana naye, akawa na haki yake kila mwaka, na walioshuhudia mapatano walirudi kula na kucheza, na kutazama kama babu bado anatimiza. Bibi alibadilika, ndiyo, lakini mbele za watu, na hao watu ndio waliomzuia babu asirudie ya zamani. Wewe Jumapili jioni utapanda treni peke yako na mnyama wako. Jumatatu nani atajua kuwa umekuwa mpya?

La shirki kamuulize sheikh, mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachojua ni kwamba masheikh wa mtaani kwetu hawakumpenda kibuki hata kidogo, na bibi aliwaamkia kwa heshima akaendelea na yake.

Jingine nakuuliza kama mama: unalala? Kama usiku hupati usingizi, au unasikia sauti, au kuna vidonge daktari alikuandikia, usiende kulala gizani na ngoma kichwani, na vidonge usiviache kwa neno la mwalimu wa semina. Nenda kwa daktari kwanza, umweleze na talaka.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara najikwaa pale pale: mama hujamwambia. Ungekuwa Tanga ungekaa eda, wanawake wangekuja na vikapu vyao, wengine kukupa pole, wengine kuchungulia tu, na ikiisha kila mtu angekujua kwa jina lako jipya la mtalaka. Huko umeachika kimya kimya, ukaenda zamu kesho yake. Ndiyo maana hiyo ngoma inakuita, nami sikucheki.

Mpigie mama kabla ya hiyo Ijumaa. Atalia, atamlaani mtu, halafu atakuuliza umekula nini. Ukimaliza kuzungumza naye na bado ukawa unataka kufungwa kitambaa, euro ni zako. Ila uniandikie umekutana na mnyama gani, maana nina hamu ya kujua kama paka wa Hamburg wanahesabiwa.