Zana za Bustani ya Nyumbani: Nilichojifunza Nilipohamia Kisumu

Nilipohama Nakuru kuja Kisumu, nilizifunga zana zangu za bustani juu ya lori nikiamini kwamba jembe ni jembe. Kule Nakuru nilikuwa nikilima sukuma wiki na vitunguu nyuma ya nyumba, katika udongo wa majivu ya volkano ulio mwepesi kiasi kwamba jembe jembamba la bei nafuu lilinitosha msimu baada ya msimu. Bustani yangu ya sasa iko upande wa Nyamasaria, kuelekea tambarare ya Kano, na udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi kikikaza. Siku ya kwanza, kabla sijamaliza tuta la pili, jembe lilikuwa limejikunja pembeni na mpini unazunguka ndani ya jicho.

Mama mmoja jirani alinitazama kwa muda kabla ya kusema, "Mwanangu, hapa huanzi na hilo. Tafuta la meno." Alikuwa na haki. Katika udongo mzito, jembe la meno, ambalo wengi wetu tunaliita fokijembe, ndilo la kununua kwanza, kwa sababu meno hupenya pale ambapo bapa pana hugota, hunyanyua bonge zima na hayabebi tope jingi. Jembe la kawaida hufuata baadaye, kwa kuinua matuta na kupalilia. Anayelima Nakuru, Njoro au penginepo penye udongo mwepesi anaweza kugeuza mpangilio huo bila hasara.

Dukani, usivutiwe na rangi, kwa kuwa rangi huficha mengi. Lile lililonikunjikia nililinunua kwa sababu liling'aa. Siku hizi hulining'iniza jembe kwa kidole na kuligonga kwa kipande cha chuma: lililo zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kisha hutazama pale bapa linapokutana na jicho, kwani hapo ndipo nguvu zote za pigo huishia. Pakiwa pembamba, au pakiwa na uchomeleaji wa harakaharaka, hulirudisha. Kuhusu uzito, jembe la ratili 3, yaani karibu kilo 1.4, linanifaa, lakini mzazi wangu mwenye umri mkubwa huchoka nalo upesi, kwa hiyo ni heri kila mtu ajaribu kuliinua mara kadhaa palepale, hata kama muuzaji atacheka.

Mpini unastahili uangalifu kuliko chuma chenyewe, na kwa maoni yangu hapa ndipo wengi hukosea. Huwa ninaununua peke yake, mara nyingi soko la Kibuye, ambako mtu anaweza kuchagua mmoja baada ya mwingine bila kuharakishwa. Nyuzi za mti ziende kwa urefu wote bila kukatwa katikati, pasiwe na fundo karibu na kichwa, na mti uwe umekauka. Mpera ukipatikana ni mzuri, kwa kuwa ni mgumu na unalainika mkononi kadiri unavyotumika. Ncha ya juu iwe nene kuliko jicho, ili kila pigo lizidi kukaza badala ya kulegeza. Ule ujanja wa kuloweka jembe kwenye ndoo usiku kucha ili mpini uvimbe nimeufanya mara nyingi, nao hufaa kwa siku moja tu. Mti ukikauka husinyaa, na jembe hulegea kuliko mwanzo.

Panga huhitaji maneno machache: nunua moja, pamoja na tupa ya kulinolea. Toroli sikununua, kwani kwa vitanda vyangu 6 karai linatosha kubebea samadi. Kwa kumwagilia, keni ya lita 10 ikijaa huwa na zaidi ya kilo 10 mkononi, na kila safari ya kwenda kwenye tangi huuvuta mgongo upande mmoja. Nilipobadilisha nikachukua mbili za lita 5, moja kila mkono, maumivu yalipungua. Cha muhimu ni matundu madogo ya kutoa manyunyu, kwa sababu maji mazito hupigapiga udongo huu hadi ukafanya gamba ambalo miche ya dek, yaani mgagani, haiwezi kulipasua.

Lile jembe la Nakuru sikulitupa. Fundi wa jua kali alilinyoosha, akalipunguza upana hadi likawa kama kiganja, na sasa ndilo ninalopalilia nalo katikati ya mistari ya vitunguu.